Shotaro Ishinomori: Mchoraji Aliyempatia Panzi Nduthi, na Shelfu za Dunia Nzima Zikajaa

Kama ulikulia mtaani Kenya enzi za Power Rangers, lazima ulipigania rangi. Kila mtoi alitaka kuwa Red. Mwenye TV ndio alikuwa anachagua kwanza, na mwenye alifika wa mwisho alibaki na rangi yenye hakuna mtu alikuwa anaitaka. Halafu mnaruka kutoka kwa ukuta mkipiga kelele, mtu anaumia goti, mchezo unaisha.

Zile helmeti, zile rangi tano, zile pozi za kubadilika kabla vita ianze, zote zina mzizi Japani. Na kwa huo mzizi kuna msee mmoja mwenye jina lake wengi wetu hatukuwahi kulisikia: Shotaro Ishinomori.

Alikufa 1998. Lakini leo kuna watu wazima, wenye kazi na familia, wanaweka doo kando miezi mingi ndio wanunue akshen figa za wahusika wake. Moja ya S.H.Figuarts, yenye urefu wa kama sentimita 15, ukiongeza usafiri na ushuru hadi ifike Nairobi, inaweza kukula pesa ya bedsitter. Na mwenyewe akishaifungua anaiweka kwa shelfu, anaipinda viungo, anaipatia pozi, anairudia usiku kuiangalia.

Ukitaka kujua ni kwa nini kisanamu cha panzi kinaweza kumfanyia mtu mzima hivyo, lazima ujue maisha ya mwenye alikichora.

Kijana wa baiskeli

Alizaliwa tarehe 25 Januari 1938 kwa mkoa wa Miyagi, kaskazini mashariki mwa Japani. Jina la familia lilikuwa Onodera. Ishinomori ni jina la mahali alizaliwa, alilichukua tu akianza kuchora. Shida ni kwamba watu walikuwa wanalisoma vibaya, wanasema Ishimori, na akakubali hivyo miaka mingi. Katikati ya miaka ya 1980 ndio alibadilisha maandishi ili lisomeke kama mahali penyewe.

Huko kwao hakukuwa na mambo mengi. Sinema zilikuwa mbali, mji wa Ishinomaki, na kijana alikuwa anapiga pedali hadi huko ndio acheki filamu kisha arudi. Ndoto yake ya kwanza haikuwa katuni. Alitaka kuandika vitabu ama kuongoza filamu.

Lakini mkono ulikuwa unachora tu. Akaanza kutuma michoro kwa jarida la Manga Shonen, lenye lilikuwa linapokea kazi za wasomaji. Mtu mmoja akaziona: Osamu Tezuka, mwenye alichora Astro Boy, msee ambaye kwa manga ya Japani hakuna alikuwa juu yake. Tezuka akamtafuta huyo kijana amsaidie kuchora. Jamaa alikuwa bado sekondari. Fikiria uko form three, halafu producer mkubwa nchini anakutafuta uingie studio.

Kazi yake ya kwanza ikatoka kwa hilo jarida mwishoni mwa 1954, akiwa na miaka 16. Fathe yake hakuwa anataka kusikia mambo ya manga. Mtu mmoja tu kwa hiyo nyumba ndio alikuwa upande wake.

Yoshie

Huyo mtu ni dada yake, Yoshie, mwenye alimzidi miaka mitatu. Alikuwa mgonjwa wa pumu tangu utotoni, kwa hivyo siku nyingi alikuwa ndani ya nyumba. Ndugu yake alikuwa anamsimulia filamu zenye amecheki, na yeye ndiye alikuwa msomaji wake wa kwanza. Baba akikataa, Yoshie alimtetea.

1956, baada ya kumaliza shule, Ishinomori akaenda Tokyo kuhustle. Akaingia Tokiwa-so, nyumba ya mbao ya ghorofa moja yenye keja ndogo ndogo. Hiyo ploti imebaki kwa historia kwa sababu wapangaji wake walikuwa wachoraji maskini wenye baadaye waliomoka. Tezuka mwenyewe aliwahi kuishi hapo. Kulikuwa na wale wawili walijiita Fujiko Fujio, jina lenye baadaye lilitupatia Doraemon. Kulikuwa na Fujio Akatsuka, beshte wa Ishinomori wa karibu, mwenye alikuja kuwa mfalme wa katuni za kuchekesha. Vijana wadogo, hawana kitu, wanachora hadi asubuhi.

Yoshie akamfuata Tokyo ili atibiwe na akae karibu na ndugu yake. Hiyo raha haikukaa. 1958 akaaga dunia, akiwa na miaka 23. Ishinomori alikuwa na 20.

Ukisoma kazi zake za baadaye utaona kuna dem fulani mpole anajirudia, sura yake ina huzuni kidogo. Mafani wengi wanaamini huyo ni Yoshie anachorwa tena na tena. Na utaona kitu kingine: karibu kila shujaa wake amepoteza mtu, ama amejipoteza mwenyewe.

Watu tisa wenye hawakuulizwa

1961 akachukua safari ya kuzunguka dunia. Miaka mitatu baadaye, 1964, akaanza Cyborg 009.

Stori ni hivi: watu tisa kutoka nchi tofauti wanatekwa na Black Ghost, genge la wauza silaha lenye linataka vita isiishe ndio biashara isiishe. Wanapasuliwa na kuwekwa mitambo mwilini wawe silaha. Wanatoroka, wanageukia wenye waliwatengeneza. Hiyo ilikuwa katikati ya Vita Baridi, na kusema kwa katuni ya watoto kwamba kuna watu wanatajirika na vita ilikuwa noma.

Kati ya hao tisa kuna Mwafrika, 008, mwenye anapigana chini ya maji. Hapa tuseme ukweli: kwenye michoro ya zamani, huyo jamaa alichorwa na ile midomo mikubwa ya kudharau mtu mweusi, venye wachoraji wengi walikuwa wanafanya enzi hizo. Kwa toleo la TV la 2001 sura yake ikachorwa upya, sasa anakaa mtu. Ukitafuta figa ya 008 utapata za aina zote mbili sokoni, kwa hivyo angalia kabla ulipe.

Ishinomori alijaribu kumaliza hiyo stori. Kwa sehemu moja maarufu, 009 na 002 wanaanguka kutoka angani wakiwaka moto kama kimondo, na hapo ilikuwa mwisho. Wasomaji wakakataa. Walilalamika sana hadi akarudi kuiendeleza.

Kuna kisa kingine cha hiyo miaka. Kuanzia 1967 alikuwa anachora Jun, manga ya kujaribu mambo mapya, kurasa nzima bila maneno, kama shairi la picha. Ikamfikia kwamba Tezuka, mtu wake wa kumwangalia tangu utotoni, ameisema vibaya kwa barua aliyoandikia msomaji. Ishinomori akavunjika moyo, akataka kuiacha. Tezuka akaja mwenyewe hadi nyumbani kwake kuomba msamaha. Mfalme alikuwa ameona wivu kwa mwanafunzi wake, na akakuwa na roho ya kukubali.

Fuvu lilikataliwa, panzi akapita

Sasa tufike kwa nduthi.

Mwanzo wa miaka ya 1970, kampuni ya Toei ilikuwa inatafuta shujaa mpya wa TV, na prodyusa Toru Hirayama akamwendea Ishinomori. Yeye alikuwa ametoka kuchora Skull Man mwaka wa 1970, jamaa wa kulipiza kisasi mwenye anavaa kinyago cha fuvu. Akataka huyo aende TV. Watu wa TV wakaona mafuvu kwa watoto jioni haiwezi.

Akarudi kuchora. Akachora vinyago vingi, na inasimuliwa kwamba mtoto wake mdogo wa kiume ndiye alionyeshwa akachagua. Kidole kikaangukia panzi.

Panzi! Mdudu mwenye kuku anakula. Lakini Ishinomori aliona maana: panzi ni wa nyasi, ni wa mazingira, na ana nguvu ya kuruka kushinda ukubwa wake. Shujaa wa mdudu mdogo dhidi ya shirika kubwa lenye teknolojia yote.

Tarehe 3 Aprili 1971, Kamen Rider ikaonyeshwa mara ya kwanza. Takeshi Hongo ni mwanafunzi wa chuo na dereva wa pikipiki. Genge la Shocker linamteka, linambadilisha mwili awe silaha ya kutawala dunia. Anatoroka kabla waguse akili yake. Sasa ana nduthi inaitwa Cyclone, ana mshipi wenye feni inayokula upepo kumpa nguvu, na ana mwili wenye hautarudi tena kuwa wa binadamu.

Kwenye manga yenyewe, Ishinomori alienda mbali kushinda TV. Hongo akikasirika, makovu ya upasuaji yanatokea usoni. Anavaa kinyago kuyaficha. Hiyo helmeti tunaiona kuwa luku kali ilianza kama kitambaa cha mtu mwenye haya na uso wake.

Shika figa ya Rider wa kwanza uangalie chini ya yale macho mekundu. Kuna sehemu nyeusi imeshuka kama mstari wa machozi. Kwa vazi halisi, hapo ndipo mwigizaji wa ndani alikuwa anachungulia, maana macho yenyewe makubwa hayakuwa ya kuonea. Lakini shujaa alitoka akikaa ni kama analia, na wakusanyaji wanaipenda hiyo sehemu kushinda zote. Kisanamu chenye hiyo laini imepakwa vizuri na chenye imeharibiwa ni kama vitu viwili tofauti.

Ajali yenye ilizaa pozi

Hiyo shoo ilikaribia kufa mapema. Hiroshi Fujioka, steringi mwenyewe, alianguka na pikipiki wakirekodi akavunjika mguu vibaya. Vipindi vimeanza tu, na steringi yuko hospitali.

Wangeweza kumuua Hongo kwa stori, lakini wakaamua kusema amesafiri kupigana na Shocker ng'ambo, na wakaleta Rider wa pili, Hayato Ichimonji, aliyeigizwa na Takeshi Sasaki. Sasa shida nyingine: Sasaki hakuwa na leseni ya pikipiki. Hongo alikuwa anabadilika akiwa mbio kwa nduthi, upepo ukizungusha feni. Huyu mpya afanyeje?

Wakamfanya asimame, azungushe mikono, aite henshin, yaani badilika. Basi. Kila mtoto Japani akaanza kuzungusha mikono. Pozi yenye ilitoka kwa kukosa leseni ndiyo imebeba kila Rider hadi leo, na ndiyo sababu figa za siku hizi zinatengenezwa na viungo vingi vya bega, kiwiko na kiganja. Bila viungo pozi haitokei, na bila pozi hiyo si Rider, ni sanamu ya duka la nguo.

Watoi wakatupa chakula

Hapa ndipo ukusanyaji ukashika moto. 1971, kampuni ya Calbee ilitoa vitafunio vya Kamen Rider. Ukinunua paketi unapewa kadi yenye picha ya Rider ama majitu ya Shocker. Ukipata ile ya bahati, unatumiwa albamu ya kuziweka.

Watoto wakawa wananunua, wanachukua kadi, wanatupa vitafunio. Ikawa ngori hadi wazazi na walimu wakaingilia. Unakumbuka enzi za kununua soda kwa sababu ya kifuniko? Sasa zidisha hiyo mara kumi.

Popy, kampuni tanzu ya Bandai, ikaja na mshipi wa Rider wenye taa na feni inayozunguka kweli. Ukaisha madukani. Hapo watengenezaji wa vinyago wakajua wamepata mgodi, maana mtoto hataki tu kumwangalia shujaa, anataka kubadilika kama yeye. Visanamu vya plastiki laini navyo vikajaa manyumbani, na vile vimebaki vya enzi hizo, hata vikiwa vimefifia rangi, vinatafutwa na watu wazima kama dhahabu.

Cheki hii pia: Go Nagai, mwenye alichora Mazinger Z, alikuwa msaidizi wa Ishinomori kabla ajitegemee. Mazinger Z ndiyo ilianzisha Chogokin mwaka wa 1974, vile visanamu vizito vya chuma vya Popy vyenye wakusanyaji wanaviheshimu hadi sasa.

Mbogi ya rangi tano

Tarehe 5 Aprili 1975 Ishinomori akaja na wazo lingine. Badala ya mmoja mwenye huzuni, mbogi ya watu watano, kila mmoja na rangi yake: nyekundu, bluu, njano, pinki, kijani. Ikaitwa Himitsu Sentai Gorenger. Ikaenda vipindi 84, na hapo ndipo ukoo wa Super Sentai ulianzia.

Aliandika Gorenger na JAKQ yenye ilifuata 1977, kisha Toei wakaendelea na ukoo bila yeye. Kufika 1992 walikuwa kwa Zyuranger, wale wa dinosaria. Kampuni ya Saban ya Marekani ikanunua hizo picha za vita, ikaweka waigizaji wa Kimarekani kwa sehemu za bila helmeti, na 1993 ikatoa Mighty Morphin Power Rangers. Ndio hiyo ilitufikia huku. Kwa sababu ya helmeti hakuna mtu angejua kwamba ukikata picha, anayepigana ni mtu mwingine kabisa, nchi nyingine.

Ndiyo maana jina lake halikutufikia. Kinyago kilificha hadi mwenye alikitengeneza.

Mkono wenye haukupumzika

Kama unadhani alikuwa mtu wa mashujaa pekee, hapana. Alichora Kikaider, roboti nusu nyekundu nusu bluu mwenye dhamiri yake haijakamilika, na shoo yake ya 1972 ikawa kubwa hadi Hawaii. Alichora stori za wapelelezi wa kale. Alichora Hotel, ya wafanyakazi wa hoteli. 1986 akatoa manga ya kueleza uchumi wa Japani, ikatafsiriwa na kuchapishwa na chuo kikuu Marekani. Akachora pia historia nzima ya Japani.

Guinness walikuja kumtambua kuwa mtu mmoja mwenye amechapisha komiki nyingi zaidi duniani: kazi 770, kurasa zaidi ya 128,000. Gawanya hizo kurasa kwa miaka yake ya kazi, kama 43. Ni kama kurasa nane kila siku, Jumapili na Krismasi ndani.

Lakini kuna moja ilimshinda. Ile Cyborg 009 wasomaji walikataa iishe, alitaka kuimalizia mwenyewe, watu tisa mbele ya Mungu. Mwili ukakataa kwanza. Alikufa tarehe 28 Januari 1998, siku tatu tu baada ya kufikisha miaka 60. Aliacha maelezo na michoro, na mtoto wake Joe Onodera ndiye alikuja kuyaunganisha ili mwisho utoke, kuanzia 2012.

Baada yake

Mwaka huohuo wa 1998, Bandai ilianzisha S.I.C., figa za watu wazima zenye zilichukua mashujaa wake na kuwaonyesha mitambo, mishipa na nyama chini ya ngozi. Ya kwanza ilikuwa Kikaider. Zinatisha kidogo, lakini ziko karibu na kile alikuwa anasema tangu mwanzo: huyu mtu alipasuliwa.

Januari 2000, Kamen Rider Kuuga ikarudisha nduthi barabarani, na tangu hapo kila mwaka kuna Rider mpya na mshipi mpya. Kuna watu wanasema siku hizi shoo ni tangazo refu la vinyago. Hawajakosea sana. Lakini hata kwa zile mpya, mara nyingi nguvu ya shujaa inatoka mahali palepale pa adui. Hiyo sheria ya Ishinomori bado inashikilia.

Na Ishinomaki, ule mji alikuwa anauendea na baiskeli kucheki filamu? 2001 ulifungua jumba la makumbusho la kazi zake, jengo linakaa kama chombo cha angani, kwa kisiwa kidogo katikati ya mto karibu na bahari. Barabara za mji zikawekwa sanamu za wahusika wake, wakubwa kama watu.

Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ikapiga. Ishinomaki ilikuwa kati ya miji yenye iliumia zaidi, maelfu ya watu wakafa. Maji yakapita chini ya lile jumba na kuharibu ghorofa ya chini, lakini jengo likasimama. Barabarani, kati ya vifusi, kuna sanamu zake zilibaki zimesimama pia. Jumba likafunguliwa tena Novemba 2012.

Watu wa huo mji walirudi kusafisha matope wakakuta panzi bado ako kwa pozi, na ile laini ya machozi chini ya macho. Kama kuna mtu anakucheka juu ya figa iko kwa shelfu yako, mpatie hii stori aisome kwanza.